Karatasi ya Salamu

Richardson, Texas
Jumapili, 21 Machi 1999

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Azizi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakushika miguu, Baba, na kuubusu mkono wako wa kulia, ule wenye kidole kisichokunjika tangu jiwe la Kibokoni likuangukie. Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua kimepata nafuu, na umeacha kupanda majukwaa ya ujenzi kama ulivyomuahidi Mama. Najua hukuacha. Nasikia pia daktari amekukataza sukari, basi nakuomba hiyo chai unayoipoza kwenye kisahani isiwe na sukari kweli, usimtume mtu dukani kwa siri. Mama nasikia magoti yanamsumbua. Mwambie ile dawa ya kuchua niliyompelekea na watu wa Arlington ni ya kupaka magotini, si ya kuweka kwenye kabati la vyombo ionekane na wageni.

Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Baridi ya huku imekwisha na mvua zimeanza. Bado nakaa na Everline, yule binti wa Kisii aliye muuguzi. Kila alfajiri huendesha gari mpaka Grand Prairie anakohudumia wazee, na akitoka hunigongea mlango niamke niswali, ingawa yeye mwenyewe ni Msabato. Nikimwambia atapata thawabu, husema hizo thawabu zangu nimpikie pilau.

Idd ya kuchinja iko wiki hii, na barua hii itakufikia Idd imekwisha pita. Nilitaka kukupigia simu. Lakini kwenye simu mtu husema tuko salama, hamjambo, hatujambo, kadi inakwisha. Haya niliyo nayo hayasemeki hivyo. Nimeketi mezani tangu nilipomaliza kuswali adhuhuri, nakuandikia kwa khati uliyonifundisha mwenyewe, na tafadhali isome peke yako kwanza kabla hujamsomea Mama.

Baba, nimesalitiwa. Na aliyenisaliti si mtu wa mbali ningesema ndiyo dunia. Ni Ridhwan. Ni huyu huyu uliyemchukua baba yake, ami Abdulhafidh, alipofariki, akalala chumba kimoja na kaka zangu, akala kwenye sinia letu, ukamshikisha mwiko na timazi kabla hajaota ndevu. Najua yaliyo kati yenu. Najua kwamba tangu alipouacha uashi akaja huku kusomea ramani za kompyuta hamjasemezana, na huu ni mwaka wa tatu. Ulisema siku ile kwamba umefundisha mkono ukakimbia na maji. Mimi nilimtetea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami niliivaa nguo hiyo na kuipiga pasi.

Nianze mwanzo ili unielewe.

Mwaka jana, Juni na Julai, Profesa wetu alitupeleka wanafunzi tisa mpakani mwa Uhispania na Ufaransa, kwenye kipito cha mlima ambako Warumi walipitisha barabara yao miaka elfu mbili iliyopita. Mimi nilikwenda kuchimba, Ridhwan alikwenda kupima na kuchora ramani. Mahali penyewe ungepapenda. Barabara imechongwa ndani ya mwamba, na magurudumu ya mikokoteni ya zamani yamekwangua michirizi miwili, mguu ukiutia unazama mpaka kifundoni. Pale juu kabisa jenerali mmoja wa Kirumi alijengesha mnara wa kujisifu kwamba ameshinda vita. Mnara huo ulisimama upande huu na upande huu wa barabara, kama mtu aliyetanua miguu juu ya mfereji, na kila msafiri alipita chini yake apende asipende. Leo mnara haupo. Watawa waliokuja baadaye waliyabeba mawe wakajengea kanisa, ikabaki misingi tu iliyochongwa mwambani ngazi kwa ngazi.

Upande wa mashariki kuna handaki jembamba, urefu wake hatua ishirini hivi, ambalo halina ukuta juu yake wala halikuwahi kuwa nao. Linakuja sambamba na msingi mkubwa, linasogelea barabara, kisha linakatika ghafla kama mtu aliyeitwa akaacha kazi. Profesa alikwisha kuandika zamani kwamba huo ni mfereji wa maji ya mvua, na kwamba barabara, mfereji na mnara vyote vilifanywa pamoja, kazi moja. Mimi handaki lile lilinikera tangu wiki ya kwanza. Hata nilikuandikia habari zake, nikakuchorea na picha.

Basi asubuhi moja ya wiki ya mwisho, wenzangu wakinywa kahawa, nilichukua ndoo mbili za maji nikayamwaga ndani yake. Mfereji hupeleka maji. Yale hayakwenda kokote. Yalitandaa, yakatulia, yakawa sawasawa mwanzo mpaka mwisho kama chai kwenye kisahani. Nikajua si mfereji. Kilichochimbwa sawa namna ile kimechimbwa ili jiwe likae. Lile lilikuwa msingi uliokosewa. Mafundi walipiga uzi wa kupimia karibu mno na barabara, wakaanza kuchonga, kisha wakaona mkokoteni hautapita, wakaliacha na kurudi nyuma hatua chache wakaanza upya. Na kama waliogopa kuziba njia ya mikokoteni, basi barabara ilikuwapo na watu wakiitumia kabla ya jenerali kuja na mnara wake. Jambo dogo, utasema. Kwetu sisi tunaosoma mambo ya kale, hilo linageuza kitabu kizima.

Ridhwan alikuwa juu ya ukingo na ile mashine yake ya miguu mitatu. Akaniona na ndoo, akapiga kelele: “Mwatime, wafua nini huko?” Nikamwambia naosha mwamba niupige picha. Kila siku tulikuwa tukiosha mwamba kabla ya kupiga picha, kwa hiyo hakuuliza tena.

Niliyaandika yote kwenye daftari langu la kijani, kwa Kiswahili, kwa khati ya Kiarabu, kama unavyoandika vipimo vyako. Wanafunzi wa huku wana tabia ya kuchungulia kazi ya mwenzao, nami nikaona khati hii itakuwa kufuli. Katika kundi letu zima alikuwapo mtu mmoja tu mwenye ufunguo wa kufuli hilo, na ufunguo ulimpa wewe, kwenye meza ile ile uliyonifundishia mimi.

Profesa sikumwambia palepale. Kumwambia mtu mzima kwamba alichokiandika miaka kumi na tano si kweli hakutaki pupa. Nilitaka kwanza niandike vizuri, niwe na picha na vipimo. Tena kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Profesa alitangaza kwamba kiangazi hiki atamrudisha mlimani mwanafunzi mmoja tu, asimamie upande wa mashariki na kuuandikia shahada ya juu. Ufadhili wangu unakwisha Mei. Nikiipata nafasi hiyo nakaa huku miaka minne mingine. Nikiikosa, nafunga sanduku narudi nyumbani na nusu ya elimu niliyoijia.

Mwezi wa Januari Ridhwan alikuja kutoka Arlington. Alikuwa akimalizia ramani ya kupeleka kwenye kongamano la Houston, akaniomba kina cha handaki lile, maana kompyuta yake ilikuwa na urefu na upana bila kina. Vipimo vilikuwa ndani ya daftari. Nilimpa, Baba. Nikamwambia kwa ulimi wangu kwamba hiyo ni amana, anakili vipimo tu, mengine asiyasome. Akaweka mkono kifuani, akasema nisiwe na wasiwasi. Akala wali wangu wa nazi sahani mbili. Baada ya siku nne akalirudisha, kalifunga kwenye mfuko wa plastiki lisirowe mvua, nami nikasema moyoni, huyu kweli amelelewa.

Kongamano lilikuwa Jumamosi, tarehe sita mwezi huu. Everline aliomba ruhusa kazini akaniendesha, mwendo wa saa nne na ushei, mvua ikinyesha njia nzima, malori yakiturushia maji kiooni. Nilishona gauni kwa ajili ya siku ile. Mimi nilikuwa sina la kusema kongamanoni, nilikwenda kumshangilia ndugu yangu. Niliketi safu ya pili nikiwa nimebeba kamera.

Alisimama na tai yake ya buluu. Akaonyesha ramani, akaeleza barabara, akaeleza misingi. Zilipobaki kama dakika tano akatoa picha ya handaki, akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba anayo maelezo mengine ya kitu hiki. Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema si mfereji. Akasema ni msingi uliokosewa, na barabara ni kongwe kuliko mnara. Akasema mwaga maji humo uone, yatakaa sawasawa kama chai kwenye kisahani. Watu wakacheka, wakapenda, wakapiga makofi. Profesa aliyeandika kwamba ni mfereji alisimama mbele ya watu wote akamshika mkono, akasema ni nadra mwalimu kufurahia kukosolewa. Mimi kamera ilikuwa mapajani. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo kwenye harusi.

Nilimngojea kwenye maegesho ya magari ya hoteli. Alipotoka hakujifanya kunishangaa. Nilimwambia amekula amana. Nilimwambia amekula chumvi yetu miaka yote ile ili siku moja anigeuke mbele ya wageni. Nilisema mengine ambayo siwezi kukuandikia. Hakukana hata moja. Alisubiri nikamaliza, kisha akasema: “Neno lile si lako, Mwatime. Na wewe wajua.” Akaingia kwenye gari la wenzake, wakaondoka.

Huko njiani nililia mpaka tukapita nusu ya safari. Everline, ambaye huchanganya lugha kama mchele na mawe, alisema: “Wee, huyo si cousin, huyo ni mwizi. Si u-report tu? Unalia hapa na yeye huko ana-celebrate.” Nikamwambia kwetu si rahisi kumburuta ndugu mbele ya watu baki. Akaniuliza huo undugu ni wa upande mmoja aje. Na lile neno la Ridhwan nilimsimulia, lakini nikamwambia kwamba sijui lina maana gani.

Wiki iliyofuata Profesa akaanza kusema waziwazi kwamba macho yake yako kwa Ridhwan. Wiki nzima nilijizuia. Jumatano nikashindwa, nikaenda ofisini kwake nikamweleza. Ni mama mtu mzima, Mtexas wa kweli, viatu vya ngozi na kofia, lakini ana masikio. Alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake, Alhamisi, akatuita sote wawili. Ridhwan akasema jambo lile alilijua tangu utotoni, kwenye kazi za uashi. Nikasema mwongo, amelitoa daftarini kwangu. Profesa akalifungua daftari, akageuza kurasa asizoweza kuzisoma, akasema tarehe za daftari mtu anaweza kuziandika wakati wowote. Akaniuliza kama ninacho kitu chochote cha kiangazi kile, chenye tarehe isiyotoka mkononi mwangu. Nikasema ninayo barua, yenye muhuri wa posta ya Mombasa.

Hapa, Baba, ndipo ninapoona haya. Hata kalamu nimeiweka chini, nimekwenda kunawa uso, nimerudi.

Najua tangu uanze kusoma umekuwa ukijiuliza mbona Mwatime hataji jibu langu. Umeona nilivyokusimulia hapo juu. Nilichukua ndoo, nilimwaga, nikajua. Hata kwako wewe mwenyewe, uliyeniambia yote, mkono wangu umekataa kuandika kwamba uliniambia. Hilo la maji ni lako. Msingi uliokosewa ni neno lako. Kisahani ni chako, nani mwingine duniani angefikiria kisahani? Nilikuuliza handaki hili nini, nawe hujapata kuuona mlima ule, ukanijibu kwa karatasi mbili kana kwamba umesimama juu yake. Ndani ya daftari langu jina lako halimo. Kila ukurasa ni nimeona, nimegundua, nimethibitisha. Ridhwan alipolisoma aliitambua sauti yako kwenye mstari wa kisahani, akatafuta jina lako kuanzia jalada mpaka jalada, asilione. Ndiyo maana ya neno lake pale kwenye maegesho, na nilimwelewa siku ile ile.

Na hilo bado ni dogo. Barua yako ilikuwa na karatasi mbili. Ya pili ndiyo yenye habari za handaki. Ya kwanza ilikuwa ya salamu. Nje ya bahasha ulikuwa umeandika jina langu, kwa kuwa ni mimi niliyekuandikia, lakini ndani ulianza hivi: kwa wanangu wawili, Mwatime na Ridhwan.

Siku ilipofika, Ridhwan alikuwa mlimani na mashine yake. Niliisoma peke yangu, nimeketi juu ya ndoo. Niliposoma jina lake nikahisi kitu nilichokuwa nikikihisi tangu nina miaka tisa. Baba, ulimpandisha yeye jukwaani. Mimi nilibaki chini nakoroga chokaa na kuteka maji, kwa kuwa ni mtoto wa kike na watu wa mtaa wangesema. Nilijua kukoroga kuliko yeye, nilijua kuipima chokaa kwa kuionja, na kila jioni mlishuka nyinyi wawili mkizungumza mambo ya kazi nami nikiwamiminia maji mnawe. Nikasema safari hii nimeuliza mimi. Safari hii jibu litakuwa langu. Nikaikunja ile karatasi ya kwanza, nikaificha nyuma ya jalada la kitabu changu cha dua, wala sikumfikishia salamu zake. Na salamu ni amana, ulitufundisha wewe. Basi mtu wa kwanza kula amana katika habari hii si Ridhwan.

Ofisini nilirudi juzi, Ijumaa, na bahasha na karatasi ya pili. Ya kwanza niliitia ndani ya mkoba, sijui kwa nini. Kuichana sikuweza, kuiacha nyumbani sikuweza. Nilimpa Profesa karatasi ile moja, akaigeuza juu chini, akasema hawezi kuisoma, na hataki nimsomee mimi kwa kuwa ndimi mlalamikaji. Akampa Ridhwan aitafsiri. Niliona sawa, na asome yeye mwenyewe kinachomtia hatiani.

Alisoma mstari wa kwanza, ule unaosema ama kuhusu hilo handaki, akaishia hapo. Akaigeuza karatasi nyuma, akatazama ndani ya bahasha. Akaniambia kwa Kiswahili kwamba Ami, yaani wewe, haanzi barua hivi. Ami hajapata kuandika barua, hata ya kuagiza misumari, bila salamu. Kisha akaniuliza, na hakuniuliza kama mtu anayeshindana nami. Aliniuliza kama mtoto aliyerudi kutoka chuo cha Kurani akakuta wenziwe wamekula: “Mimi hakunisalimu?”

Ningeweza kusema imepotea. Nilifungua mkoba nikampa.

Aliitafsiri kwa sauti, pole pole, kwa ajili ya Profesa. Akatafsiri salamu zako kwangu na za Mama. Akafika kwenye jina lake, na Kiingereza kikamwisha. Akaendelea kwa Kiswahili, neno kwa neno kama ulivyoandika, kwamba Ridhwan mwanangu, sina kinyongo tena kuhusu mwiko, mkono uliojifunza haukimbii na maji, na ramani nazo ni msingi. Kwamba amkumbushe dada yake nyumba ya Bi Yumna, kwa kuwa ni yeye aliyeshika uzi siku ile mlipochimba karibu mno na kichochoro, mkokoteni wa maji ukashindwa kupita, majirani wakawatukana, mkarudi nyuma na kuchimba upya, na shimo lile la kwanza mpaka leo watu hudhani ni mfereji. Kwamba jambo hili ni letu sote wawili, mimi na yeye, tuligawane kama tulivyokuwa tukigawana mkate. Na mwisho wa karatasi, Ridhwan, assalamu alaykum.

Akaishusha karatasi. Akasema: “Wa alaykumu salaam, Ami.” Mbele ya Profesa, mbele yangu, akiitazama karatasi ile. Miezi minane, Baba, salamu ilikuwa njiani kutoka mkono wangu mpaka sikio lake, na tulikuwa tukionana kila wiki.

Profesa hakuelewa lugha lakini alielewa. Aliuliza, sasa fikira hii ni ya nani. Ridhwan akasema ni ya Ami. Nikasema ni ya Baba. Akataka kujua hao ni watu wawili au mmoja. Tulipomweleza alivua miwani, akasema kwamba sote wawili tumemdanganya, na kwamba fundi mwaminifu katika habari yote hii ni yule ambaye hajakanyaga mlima. Ameisimamisha ile nafasi mpaka mwisho wa Aprili. Anataka wewe mwenyewe uandike, kwa mkono wako, ulijua nini na ulimpa nani, na jina lako litachapishwa kwenye kitabu cha kongamano. Nafasi atampa mtu baada ya kukusoma wewe.

Kwa hiyo, Baba, nakuomba uandike. Mimi nakujua. Utataka kunifunika. Utaandika kwamba Mwatime ndiye aliyeuliza, kwamba bila swali hakuna jibu, utatafuta maneno mazuri. Usifanye hivyo. Andika kwamba ulitupa sote wawili. Andika nyumba ya Bi Yumna na nani aliyeshika uzi. Ukiandika hayo nafasi itakwenda kwake, kwa kuwa alikuwa na neno lile tangu utoto na mimi nilikuwa nalo tangu Julai, nami nitakuwa nyumbani Juni. Utanikuta mlangoni na sanduku. Nitakoroga chokaa, lakini safari hii na jukwaani nitapanda, wasemao waseme.

Wala usidhani nimemsamehe. Aliahidi kwa mkono kifuani akasoma alichokatazwa. Huko Houston naye hakukutaja, alipigiwa makofi akayapokea yote, na kama alikuwa na uchungu kwamba jina lako halimo daftarini angelitia yeye kinywani mwake. Nimemweleza hayo yote. Nina hasira naye mpaka sasa ninapoandika. Lakini kila nikitaka kumwita msaliti kwa sauti nasikia ule msemo wa nyani ambao sithubutu kuuandika mbele yako.

Naomba radhi yako. Siombi unipunguzie, naomba radhi tu, kwa kuwa pasipo hiyo hata nikirudi nitakuwa sijafika.

Nisalimie Mama, umwambie namuombea magoti. Nisalimie kaka zangu wote na watoto wao, nisalimie majirani wa kichochoroni, na Bi Yumna ukipita kwake mwambie shimo lake limezungumzwa Marekani. Everline anakusalimu, anasema ipo siku atakuja kuonja hiyo mikate ya mofa ninayomsumbua nayo.

Ridhwan anakusalimu. Tulipotoka ofisini aliniambia kwenye ukumbi, bila kunitazama, nimfikishie Ami salamu zake, nami nakufikishia kama zilivyo, sikuongeza neno. Ndizo salamu zake za kwanza. Zile za mwezi wa Oktoba, nilipokupigia simu ukaniuliza kama ameisoma barua, nikakwambia ameisoma, amecheka sana kuhusu Bi Yumna, na anakusalimu, ukanyamaza kwa furaha mpaka nikadhani laini imekatika, zile nilizitunga mimi. Ulikuwa unataka kuniuliza zaidi nikakwambia kadi inakwisha. Kadi ilikuwa na dakika kumi na nane. Tangu siku hiyo wewe umekuwa ukingojea akupigie, na yeye alikuwa akingojea umsalimu.

Mwanao,
Mwatime Azizi